Ngitili ya Buluu

Mume wangu aliyachana majani kwa kitana changu. Naanzia hapo kwa sababu nikiwaambia watu wa siku hizi hawaamini, wanaona bibi kizee kaanza kuongea ya usingizini. Kitana changu mwenyewe, chenye meno mapana, nilicholetewa kutoka Shinyanga mjini nilipoolewa, alikichukua bila hata kuuliza, akapiga magoti kwenye bustani ya Mzungu, akaanza kuchana. Alichana kwa upole, kutoka chini kwenda juu, makavu yanatoka na kitana, mabichi yanabaki. Kichwa changu mimi hakuwahi kukigusa tangu tufunge ndoa.

Tulikuwa kwenye mgodi mdogo wa dhahabu, upande wa kuelekea Geita, enzi za Mwingereza. Mgodi wenyewe leo haupo, hata mashimo yake yameota miti. Mume wangu alitunza bustani ya meneja, na sisi tulikaa chumba kimoja kwenye kwota za watumishi, nyuma ya nyumba kubwa. Meneja tulimwita Bwana, mkewe tulimwita Memsahib, na zaidi ya hapo hakuna aliyejali kuuliza.

Huyo Memsahib ndiye aliyeleta majani. Alitoka nayo Ulaya kwenye kopo la biskuti, akayabeba melini na kwenye treni akiwa ameyapakata, ndivyo mpishi alivyotuambia. Yalikuwa vishungi vifupi, kila kimoja cha kujaa sufuria ndogo, na vijani vyake vilikuwa vyembamba, vigumu, vimejikunja mpaka vikawa sindano. Vilisimama pande zote kama mgongo wa kalunguyeye. Na rangi yake, jamani, ilikuwa buluu. Si buluu ya khanga, ni ile buluu ya moshi wa kuni mbichi. Mimi ni mtoto wa Kisukuma, nimekulia upande wa Tinde nyuma ya mikia ya ng'ombe, majani ninayajua. Sikuwahi kuona majani ya namna ile.

"Yanazaa nini?" nilimwuliza mume wangu.

"Hayazai."

"Yanaliwa?"

"Hayaliwi."

"Basi ni dawa."

"Si dawa."

"Sasa?"

"Yanatazamwa," akasema, na uso wake haukucheka hata kidogo.

Memsahib alimfundisha masharti yake, naye kila jioni ananihadithia mimi. Majani yanataka jua la kutwa, kivuli hayataki. Hayataki mbolea. Hayataki udongo mzuri, ukiyapa udongo wenye rutuba yananyong'onyea na buluu inapungua. Maji yanataka kidogo sana, yakisimama kwenye maji mizizi inaoza. Kwa kifupi ukiyatunza yanakufa, ukiyanyima yanapendeza. Nikamwambia mume wangu majani hayo yana tabia ya shangazi yake, ambaye ukimkaribisha ananuna, ukimsahau anakuja na mbuzi. Yeye alikuwa ameshaanza kuyapenda.

Masika ya kwanza majani yalitaka kufa yote. Pale mgodini udongo ni ule mweusi wa mbuga, mvua ikinyesha unakuwa uji, na uji huo hauondoki mpaka jua liuamue. Vishungi vikaanza kuoza katikati. Memsahib alitoka na mwavuli, akayaangalia, akalia. Tulimwona kwa macho yetu, mwanamke mzima, mwenye nyumba ya vyumba sijui vingapi, analilia majani. Ikaamriwa ziletwe kokoto kutoka kwenye mashine ya kusagia mawe. Mume wangu akazisomba kwa toroli, akajenga tuta lililofika magotini, akaihamishia juu yake miche iliyopona. Kisha likazungushiwa waya na vijiti na kakawekwa kalango kadogo, kwa ajili ya mbuzi wa kwota. Kumbukeni huo uzio.

Mvua zilipokatika, Memsahib akaenda kwao Ulaya kwa mapumziko, na angerudi mvua nyingine zikianza. Siku ya kuondoka alimwita mume wangu mbele ya gari. Kiswahili chake kilikuwa kile cha wazungu wa migodini. "Mimi rudi, mimi taka ona majani," akasema. "Majani kufa, wewe kwenda." Akapanda gari, akaenda zake.

Sasa niseme kwa nini maneno yale yalinikata maini. Nilikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza nilizaa na nikazika. Wa kwanza alizaliwa kimya. Wa pili alilia mara moja, akanyamaza, na mimi bado nimenyoosha mikono nikisubiri alie tena. Kwenye zahanati ya mgodi palikuwa na nesi mmoja, mama mkali mwenye mikono mikubwa, aliyenipima akaniambia, "Huyu utamzalia hapa, mikononi mwangu. Ukienda kujifungulia kijijini, mimi simo." Na zahanati ile ilikuwa ya wafanyakazi na wake zao tu. Mume akifukuzwa leo, kesho lango la mgodi mnaliangalia kutoka nje. Kwa hiyo mtoto wangu alishikiliwa na vishungi vya majani juu ya lundo la kokoto. Niliogopa mno. Nilikuwa naamka asubuhi, kabla sijanawa uso, nachungulia dirishani kama bado ni buluu.

Ndipo zikaanza zile kazi za kitana. Kiangazi kilikuwa kikali, na majani yale yakipata joto jingi yanalala, vitovu vya vishungi vinakauka na kuwa rangi ya ugoro. Mume wangu akawa anayachana asubuhi na jioni kutoa makavu. Hapo hajakosea, hata Memsahib alisema yachanwe. Alipokosea ni kwenye vumbi. Malori ya mgodi yalipita barabara ya juu kutwa nzima, kila kitu kikawa chekundu, na mume wangu ni mtu asiyevumilia uchafu. Akatafuta kitambaa laini, akakilowesha, akaanza kuyapangusa majani, jani moja baada ya jingine, kama mtu anayesafisha vijiko. Vumbi jekundu likatoka. Akaendelea kupangusa, na buluu nayo ikatoka.

Kumbe ile buluu haikuwa ndani ya jani. Ilikuwa unga mwembamba juu yake, ule ule ulioko juu ya zambarau, ukiifikicha kwa kidole inabaki nyeusi. Mume wangu aliyafikicha yote. Jioni ile alikuja chumbani na kitambaa chenye rangi ya majivu, akakiweka mezani, akakaa.

"Yamekuwa kijani," akasema.

"Kijani namna gani?"

"Kijani ya majani."

Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Kisha hasira ikanipanda, nikamwambia kama angekuwa mvivu kama waume wa wenzangu sasa hivi tungekuwa salama. Alikubali. Alikaa pale akitikisa kichwa, akasema ni kweli, uvivu ungetusaidia.

Aliyetuokoa, au tuseme aliyetuharibia zaidi, ni dobi. Huyu dobi wa nyumba kubwa alikuwa Mzaramo kutoka pwani, na Wazaramo na sisi ni watani, kwa hiyo mdomo wake ulikuwa na ruhusa ya kwenda popote. Alipopata habari alicheka mpaka akakaa juu ya tenga la nguo chafu. "Msukuma," akamwambia mume wangu, "miguu yako mwenyewe huiogeshi, unaogesha majani?" Alipomaliza kucheka akainuka, akafungua sanduku lake, akatoa vifundo vya buluu ya kufulia, ile wanayotia kwenye maji ya kusuuzia mashati meupe. "Mashati ya Bwana yatasubiri," akasema.

Basi mume wangu akakoroga buluu kwenye kopo la kumwagilia, akayanyunyizia majani. Walahi yalikuwa buluu. Yalikuwa buluu kuliko mbingu, hata ndege waliogopa kutua. Mimi nilipoyaona nilijua tumekwisha, mtu yeyote mwenye macho angegundua. Lakini Bwana jioni aliwatembeza wageni wake bustanini, wameshika bilauri, akasimama mbele ya tuta, akainama kuyatazama. Kisha akasema hata Ulaya hakuwahi kuyaona yakiwa na afya namna ile. Mpishi ndiye aliyetutafsiria. Mgeni mmoja aliomba mbegu.

Jua lilikuwa linaifubaza buluu ile, kwa hiyo ilibidi irudiwe kila mara. Mikono ya mume wangu ikawa buluu mpaka kwenye viwiko. Akikusalimia kwa mkono anakuachia alama. Mito ya kulalia ikawa buluu, mpini wa jembe buluu, ugali anaumega una vidole vya buluu. Alikuwa na tabia ya kuniwekea mikono tumboni jioni, asikilize kama mtoto anacheza, maana na yeye aliogopa, ila mwanaume wa siku zile hasemi. Siku moja nesi akanifunua tumbo kunipima, akakuta viganja viwili vya buluu, kila kimoja upande wake. Akavitazama. Akanitazama. "Hii ni mila gani?" akauliza. Nikamwambia ni ya kwetu.

Mimba ilipokuwa kubwa, mama yangu akaja. Alitembea kutoka Tinde, akilala kwa ndugu njiani, akiswaga ng'ombe mmoja wa maziwa na ndama wake, kwa sababu alisema mimba mbili za kwanza ziliharibika kwa kukosa maziwa, na safari hii hasikilizi la mtu. Alifika amekonda, mwekundu kwa vumbi, ng'ombe naye amekonda, wote wawili wananitazama kwa jicho moja. Nikasema shikamoo mayu. Akasema marahaba, lala chini.

Tatizo ni kwamba tulikuwa na chumba kimoja, na mama ni mkwe. Kwetu siku zile mwanaume na mama mkwe wake hawakutani. Hawatazamani, hawali pamoja, hawasemeshani, na wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Si ugomvi, ni heshima, na heshima yenyewe ni kali kuliko ugomvi. Mume wangu akahamia kwenye banda la majembe, akalala juu ya mipira ya maji. Mama akitaka kutoka nje anakohoa kwa nguvu. Mume wangu akitaka kupita anagonga kopo la kumwagilia. Kutwa ilikuwa kikohozi na kopo, kikohozi na kopo, na mimi katikati nimelazwa kitandani kwa amri ya nesi.

Sikumweleza mama habari za majani. Ningeanzia wapi? Nilidhani atapita kando tu, ni bustani ya Mzungu.

Lakini mama alitazama bustani ile kwa macho ya Tinde. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, nchi nzima kavu, vumbi tupu, na katikati yake kuna kipande kimezungushiwa uzio, kina majani mabichi, kina kalango, hakuna mnyama aliyeingia. Kwetu kitu hicho kina jina, na jina lake ni ngitili. Mvua zikianza unafunga eneo lako, hakuna mnyama kukanyaga, majani yanakua na kukaa, na kiangazi kikibana ndipo unafungua, kwanza kwa ndama na kwa ng'ombe anayenyonyesha. Mtu mwenye ngitili ni mtu anayefikiria mbele. Mama aliona uzio, akaona majani, akamkumbuka ng'ombe wake aliyekonda, akaelewa yote peke yake. Mkwe wake alijua anakuja na ng'ombe. Hawezi kumsemesha, hawezi kumpokea. Basi kwa adabu zake za kimyakimya amemfungia ngitili.

Asubuhi moja nilisikia kikohozi, kisha sauti ya mama nje ya dirisha. Alikuwa anaongea na ng'ombe.

"Tazama mkwe wetu alivyo," alikuwa akimwambia. "Niliwaambia watu wa nyumbani, huyu kijana wa bustani ana moyo, wakanicheka. Ngitili ndogo, lakini imetunzwa. Ona, hata mawe ameyapanga."

Nikainuka kwa kiwiko nikachungulia. Kalango kako wazi. Ng'ombe yuko juu ya tuta, ndama yuko nyuma yake, wote wameinamisha vichwa. Na nyuma ya tangi la maji namwona mume wangu amejibanza, amekumbatia kopo lake, macho yamemtoka. Alikuwa hatua chache tu kutoka kwenye majani. Hakuweza kutoka, mkwe amesimama pale. Hakuweza kupiga kelele, unampigiaje kelele mkwe? Akagonga kopo. Mama akageuza uso kwa heshima, akatazama upande wa pili, lakini hakuondoka.

Mume wangu ikabidi alisemeshe kopo.

"Wewe kopo," akasema, "waambie wanaohusika kwamba majani yale hayafai kuliwa."

Mama akamgeukia ng'ombe. "Umesikia anavyojishusha? Mtu mwenye adabu hasifii chakula alichokuandalia. Kula, mwanangu."

"Wewe kopo, waambie majani yale ni ya Memsahib."

"Anasema hata Memsahib ana habari zako. Kula."

"Wewe kopo, waambie nitafukuzwa kazi."

"Anasema yuko tayari kufukuzwa kazi kwa ajili yako," mama akamwambia ng'ombe, na hapo sauti yake ikakatika, akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Watu wa nyumbani walinicheka," akarudia.

Mimi nilianza kucheka. Mungu anajua, nilicheka, nimeshika tumbo kwa mikono yote miwili. Kisha nikakumbuka tumbo lenyewe limebeba nini, na lango la mgodi, na nesi, na wale wawili niliowazika, na kicheko kikageuka baridi. Mtu pekee aliyeruhusiwa kusema na kila mtu pale nilikuwa mimi. Nikatoka mbio bila viatu, nikapita kando ya kibanda cha kuku, nikafika kwenye uzio, nikashika kamba ya ng'ombe, nikafungua mdomo nimwambie mama. Neno halikutoka. Maji yalinitoka chini, moto, mengi, yakaingia kwenye kokoto.

Mama aliona. Akanishika kwapani. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya ofisi za mgodi, chini ya mteremko, na mama alikuwa mwembamba kuliko mimi, hawezi kunibeba hata kwa miujiza. Akatazama huku, akatazama huku, na nikamwona anatazama tangi la maji, kisha anayaondoa macho kwa haraka. Hata wakati ule, jamani. Hata wakati ule.

Nikasikia mlio mkubwa wa kokoto zinamwagwa. Mume wangu alitokea nyuma ya tangi anasukuma toroli, na kichwani amevaa gunia. Gunia zima, limemfunika mpaka kifuani, ili asimwone mkwe. Alikuja anapapasa kwa gurudumu, akagonga uzio, akagonga ng'ombe, mpaka akafika nilipo. Nikajitupa ndani ya toroli. Akainua mipini, akaanza kukimbia, haoni kitu.

"Ng'ombe, kulia," mama akapiga kelele.

Alikuwa anakimbia pembeni yetu, amemshika ng'ombe kamba, kwa sababu hakuwa tayari kumwacha, na ndama anafuata. Hawezi kumsemesha mkwe, basi anamsemesha ng'ombe, na mkwe asikie. "Ng'ombe, jiwe mbele. Ng'ombe, shuka polepole, umebeba mtu. Kushoto, ng'ombe. Kushoto tena." Na mume wangu ndani ya gunia anapinda kushoto. Ng'ombe mwenyewe alichanganyikiwa vibaya, kila akiitwa anasimama. Tulipita mbele ya ofisi hivyo. Wachimbaji waliokuwa kwenye foleni walivua kofia, nadhani walifikiri ni msiba. Dobi alituona, akafungua mdomo, akaufunga, na sijawahi kumwona tena akikosa neno. Bwana alikuwa barazani na kikombe chake cha chai. Kikombe kilibaki hewani mpaka tulipopinda kona. Na mimi ndani ya toroli, uchungu unanishika, kila kokoto iliyobaki inanichoma mgongo, nilikuwa natukana kwa Kisukuma maneno ambayo mama hakujua kwamba ninayajua.

Nesi alitupokea mlangoni. Alimtazama mtu wa gunia, akamtazama ng'ombe, akamwambia ng'ombe abaki nje.

Mtoto alizaliwa kabla jua halijafika utosini. Alilia mara moja. Nikanyamaza, nesi akanyamaza, mama nyuma ya pazia akanyamaza. Nilinyoosha mikono kama mara ile ya pili. Akalia tena. Kisha akalia bila kukoma, msichana mwenye hasira zake, na mimi nikalia naye, na nje dirishani nikasikia mtu anagonga kopo, anagonga kwa furaha kama ngoma ya harusi, alikuwa amekimbia nalo muda wote limening'inia shingoni, chini ya gunia.

Alasiri Bwana alikuja zahanati. Tuliogopa, tukajua ndiyo hukumu. Nje ya mlango ng'ombe alikuwa amesimama kwenye kivuli anacheua, na mdomo wake wote, pua, kidevu, ulimi, ni buluu. Ndama naye hivyo hivyo. Watu wa kwota walikuwa wamekusanyika kumwangalia, wanabishana kama maziwa yatatoka ya rangi gani, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuyanywa. Bwana akamtazama ng'ombe kwa muda mrefu.

"Majani iko wapi?" akamwuliza mume wangu.

"Yamo humo, Bwana," mume wangu akajibu, akaonyesha ng'ombe.

Bwana akavua kofia, akapangusa kipara. "Memsahib rudi," akasema polepole, "mimi na wewe, wote kwenda." Ndipo nikajua kwamba na yeye alikuwa anayachungulia majani yale kila asubuhi.

Lakini hayakuwa yamekufa. Hilo ndilo la ajabu. Ng'ombe aliyakata mpaka karibu na shina, vile vitovu vilivyokauka akaving'oa, na kwato zake zikavipasua vishungi vikubwa vikawa vidogo vidogo. Bwana na mume wangu walichuchumaa pamoja juu ya tuta, wakaparua kwa kucha, wakakuta chini kweupe na kubichi. Wakakubaliana wasiyaguse. Kitambaa kilichomwa moto. Kitana nilirudishiwa. Na mvua za kwanza zilipodondoka, machipukizi yakatoka, mengi kuliko zamani, na kila moja lilikuwa na ule unga wake wa zambarau, halijaguswa na mtu. Yalikuwa buluu ya moshi, ile ya kweli. Nilikuwa natoka na mtoto mgongoni nikisimama kuyatazama, na kwa mara ya kwanza nilielewa maana ya majani ya kutazamwa.

Memsahib akarudi. Mume wangu alivaa shati jeupe, akasimama kando ya tuta, mikono nyuma. Bwana naye alisimama, mikono nyuma. Memsahib akashuka kwenye gari na kopo jipya, kubwa kuliko lile la kwanza. Akatembea bustanini, akafika kwenye tuta, akatazama.

"Loo," akasema. "Bado iko?"

Alikuwa ameleta mawaridi. Na mawaridi yalitaka jua la kutwa, na penye jua la kutwa ni pale. Majani yang'olewe. Bwana alitazama chini. Mume wangu alienda kuchukua jembe.

Mtoto alipozaliwa mume wangu hakulia, aligonga kopo. Siku ile ya jembe alilia, nilimwona, na sikumcheka. Kazi hakufukuzwa, alitunza mawaridi yale mpaka tulipoondoka wenyewe. Kishungi kimoja alikificha kwenye kopo la maziwa, tukaenda nacho kwetu tulipohama, akakipanda nyuma ya nyumba. Masika ya kwanza kilioza, maana kwetu ni mbuga tupu na kokoto hakuna.

Mama hakuambiwa ukweli. Nani angemwambia? Alirudi Tinde akahadithia kijiji kizima habari za mkwe wake aliyemfungia ngitili kwenye bustani ya Mzungu, na kila aliyewahi kumcheka alimlazimisha asikilize mpaka mwisho. Miaka mingi walikoholeana na kugongeana makopo, hawakuwahi kutazamana.

Mama alipougua ugonjwa wake wa mwisho, msichana wangu alikuwa ameshakuwa mama wa watoto. Alasiri moja mama akasema aitwe mkwe wake. Nikasema mayu, ataingiaje? Akasema aingie, tena bila gunia. Mume wangu akaingia, mzee mwenye mvi, akasimama mlangoni anatazama miguu yake. Mama alimtazama usoni. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Ile ngitili yako ilikuwa ndogo," akamwambia.

"Ndiyo, mayu."

"Na majani yake yalikuwa makali. Ng'ombe aliumwa ulimi."

"Ndiyo, mayu."

"Lakini uliitunza. Nilitaka uisikie kwa mdomo wangu, si kwa mdomo wa ng'ombe. Wabeja, asante."

Mume wangu aliinua macho. Nilimjua, alikuwa mtu asiyeweza kusema uongo hata wa kumfurahisha mtoto, na nikashika khanga yangu nikisubiri atakachosema.

"Niliifunga kwa ajili ya ng'ombe wako, mayu," akasema. "Tangu masika."